Kujifunza Ngoma na Mila Ukubwani: Habari za Mpanda na Katavi

Husemwa kwamba mila hurithiwa utotoni. Mtoto huingia ngomani akiwa mgongoni mwa mama yake, na akifika makamo hakumbuki alifundishwa lini. Lakini historia ya nchi ya Mpanda na Katavi yatuonyesha njia ya pili, nayo ni ya mtu mzima aliyejifunza mila ya wenyeji hali ana kazi nyingine ya kumpa riziki. Makala hii yakusudia kueleza njia hiyo, na kupima yaweza kutufikisha wapi leo.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, tena ni ada ya kumtibu mgonjwa. Maana hizi zimeshikana katika lugha nyingi za Kibantu, hata John Janzen akaziandikia kitabu kizima mwaka 1992. Kwa hiyo ajifunzaye ngoma ukubwani hawezi kuchukua mapigo peke yake. Hana budi kupokea pamoja nayo maneno, dawa, miiko na adabu za wenyewe.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kujenga boma Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa amewaagiza wajifunze lugha ya mahali waendako. Hivyo watu wazima waliosoma sana kwao wakawa wanafunzi tena. Lakini walijifunza ili wafundishe. Lugha waliipokea, na ngoma nyingi waliziona kuwa mambo ya upagani.

Adrien Atiman alikuwa na hali nyingine. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa uganga wa kizungu kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe, yalichapwa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Kazi yake ilikuwa utabibu na ukatekista. Mila za nchi alijifunza kwa kukaa nazo, miaka sitini na kitu.

Mfano wa tatu ndio ulio bora kwa hoja yetu. Mwaka 1971 mtaalamu Mjapani, Kakeya Makoto, alifika kwa Watongwe, ambao nchi yao yaanzia milima ya Mahale na kuingia upande wa magharibi wa Mpanda ya zamani. Kazi iliyomleta ilikuwa kuchunguza kilimo, uvuvi na chakula chao. Katika kukaa nao aliingizwa katika uganga wa Kitongwe, akapitishwa katika ada zake kama mwanafunzi mwingine yeyote. Aliyoyaandika baadaye juu ya ada hizo aliyajua kwa kupewa na walimu wake.

Hata hivyo, tuangalie mavuno yalikokwenda. Majina ya mimea kwa Kitongwe yalikusanywa na Nishida na Uehara, yakachapwa Japani mwaka 1981. Msamiati wa Kibende, lugha iliyo ndugu wa Kitongwe (Guthrie aliziita F.12 na F.11), ulitolewa na Yuko Abe, Tokyo, mwaka 2006. Tuwashukuru. Lakini katikati ya miaka ya 1970 wakazi wengi wa milimani walihamishiwa katika vijiji vipya, na lugha ya vijiji vyenye watu mchanganyiko, kama ya mji wa Mpanda wenyewe, ni Kiswahili. Mjukuu wa Mtongwe atakayetaka ngoma ya babu yake huenda naye akaianza ukubwani, kama mgeni.

Ireland ilitangulia kupita hapo. Chama cha Conradh na Gaeilge kilianzishwa Dublin mwaka 1893, kikafungua madarasa ya jioni kwa makarani, walimu na watu wa madukani waliotaka lugha ya wazee wao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,873,997 waliosema wanaijua lugha hiyo, lakini waliosema wanaizungumza kila siku nje ya masomo ni 71,968 tu. Muziki ulipata heri zaidi. Chama cha wapiga zumari za mivukuto kiliundwa mwaka 1968, wapigaji wakiwa wachache sana. Mwaka 2017 UNESCO iliuandika upigaji huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Zumari ilipata mahali pa kupigwa watu wakikutana. Lugha iliyobaki darasani haikurudi nyumbani.

Nchi yetu ina desturi ya madarasa ya namna hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakulima walikaa madawatini baada ya kazi. Walifundishwa kwa Kiswahili, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini hapakuwa na dawati la Kitongwe, la Kibende wala la Kipimbwe. Sisi tunaochunguza Kiswahili tumefaidi ushindi wake, basi tuna deni. Kunasa sauti za wazee na kuziweka makabatini hakutoshi. Mzee ajuaye ngoma apewe cheo cha mwalimu na ujira wa mwalimu, na wanafunzi wake wawe watu wa Katavi wenyewe, waje jioni baada ya shamba na duka. Nao wafundishwe wimbo pamoja na lugha yake, mahali ngoma inapochezwa.