Warugaruga wa Risasi

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili. Ni yale madini laini na mazito yayeyukayo upesi motoni, tena ni kile kipande kidogo kitokacho mtutuni. Maana zote mbili hukutana katika mwili wa askari mmoja mwenye urefu wa milimita 28 hivi, mwenye kilemba na kanzu na bunduki mkononi, aliyemiminwa katika kalibu huko Uingereza ili watu wazima wamchezee vita juu ya meza. Askari huyo ni mtu wa Pwani, mfuasi wa misafara ya Unguja. Wenziwe katika fungu lilo hilo ni warugaruga wa bara, na Wazungu wapelelezi wenye kofia ngumu. Kampuni iliyowatoa inaitwa Wargames Foundry, nao walichongwa na Mark Copplestone katika miaka ya 1990.

Mchezo wenyewe una nasaba ndefu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa kanuni za kuwafundisha maafisa vita kwa ramani, vipande na dadu. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mtunzi wa riwaya, aliuteremsha mchezo huo kutoka makao ya majeshi hadi sakafu ya nyumbani, kwa askari wa bati na mizinga ya kitoto; mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza. Baadaye ukawa uraibu wenye wachongaji, wachoraji na maduka yake. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, mmoja wao Ian Livingstone (jina lisimpeleke msomaji Ujiji, ni sadfa tu). Bryan Ansell, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ndugu ya Citadel na ambaye baadaye aliiongoza Games Workshop yenyewe, ndiye aliyeipa Foundry sura yake. Alifariki mwaka 2023.

Mchango wa Foundry katika uraibu huo hutajwa kwanza kwa upande wa ufundi, na kwa haki. Ndugu pacha Michael na Alan Perry, pamoja na Copplestone, waliwapa askari wadogo uso, mkunjo wa nguo na namna ya kusimama, hata mtu mwenye brashi nyembamba akaweza kumtofautisha mzee na kijana. Kipimo cha milimita 28 kikazoeleka, na kampuni nyingi zikakifuata. Lakini kwa msomaji wa Pwani jambo zito zaidi ni lile fungu la Afrika na watu waliowekwa ndani yake.

Jina la fungu hilo halipendezi. Liliitwa Darkest Africa, yaani Afrika yenye giza kuliko zote, likichukua maneno ya kitabu cha Stanley cha mwaka 1890, na giza hilo lilikuwa ni la macho ya Stanley. Hata hivyo, kilichofanyika chini ya jina hilo kilikwenda kinyume nalo. Mwaka 2003 kampuni iyo hiyo ilichapisha kitabu cha Chris Peers juu ya majeshi ya Afrika ya Mashariki ya karne ya 19, kikishughulika na Uganda, Kenya, Tanzania na Zanzibar: silaha zao, mavazi yao, namna walivyopanga vita. Katika vitabu vya wapelelezi Mirambo ni kizuizi njiani. Mezani ni jemadari, na yule Mwingereza aliyekaa upande wake hana budi kujiuliza Mirambo alitaka nini, na kwa nini alishinda.

Alishinda, kwa mfano, mwezi wa Agosti 1871. Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley, walitoka kumpiga. Soud, mwana wa Said bin Majid, aliuteka mji wa Wilyankuru, akageuka kurudi na watu waliolemewa na pembe na ngawira. Warugaruga walikuwa wamelala ndani ya majani marefu kando ya njia. Soud akauawa, jeshi likatawanyika, na njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa. Hapana shaka kwamba tukio kama hili linafaa meza: kuna majani, kuna njia nyembamba, kuna tamaa.

Ila historia ya misafara haikuwa na matukio ya namna hiyo kila siku. Tippu Tip alipoyaeleza maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, alizungumza juu ya vita, naam, lakini pia juu ya mali aliyokopa, bei za pembe, jamaa aliowategemea na wakuu aliopatana nao. Hemedi bin Abdallah el Buhriy naye, alipotunga utenzi juu ya Wadachi na Mrima, alivihifadhi vita kwa sauti za watu. Mchezo wa meza huanzia pale maneno yanapokwisha. Kwa hiyo zile siku nyingi ambazo maneno yalitosha hazina pa kusimama juu yake.

Siku hizo zilikuwa nyingi Buha. Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, iko katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Mashariki yake ni Kasulu, na mbele zaidi, kaskazini-mashariki, ni Kibondo, na nchi yote hiyo ni ya Waha, iliyokuwa na falme zake, kama Heru, Muhambwe na Buyungu. Chini ya milima hiyo, kusini, ndipo ilipopita njia ya kwenda Ujiji. Mtu anayetaka kujua nguvu ya Waha katika karne ya 19 atafute hongo kabla ya kutafuta mapigano. Leo neno hilo lina aibu. Zamani lilikuwa ushuru wa halali alioutoza mwenye nchi kwa mwenye msafara, nao ulipimwa kwa doti za nguo.

Baada ya njia ya Tabora kufungwa, Stanley alizunguka kusini, akavuka Malagarasi na kuingia Buha mwezi wa Novemba 1871, kwa hesabu yake. Alikuwa na bunduki, na kwa maandishi yake mwenyewe alifikiria kupigana. Mkuu aitwaye Mionvu alimtoza nguo nyingi kwa mazungumzo ya muda mrefu. Kesho yake akatokea mwingine, naye akataka haki yake, na habari zikaja kwamba mbele wako wengine zaidi. Hesabu ilikuwa nyepesi: doti zingekwisha kabla ya ziwa. Basi msafara ukaondoka usiku wa manane kwa mafungu madogo, ukaiacha njia na kupita porini, pasiruhusiwe mtu kunena. Katika safari hiyo mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na hofu, akapiga mayowe, na Stanley akamchapa mjeledi mpaka akanyamaza.

Hayo ndiyo yaliyotokea Buha: mtu mwenye bunduki alishindwa na watu wa ushuru, akatoroka gizani kama mdaiwa. Ni vigumu kuona dadu itaingia wapi. Mwanamke yule hana kipande chake mezani, wala doti za Mionvu. Mpagazi, akiwapo, aghalabu ni pambo la kuipendezesha safu, ilhali katika Vita Vikuu vya Kwanza vilivyopiganwa katika nchi hizi hizi, ambavyo wachezaji wanavipenda vilevile, wapagazi waliorodheshwa kufa upande wa Waingereza peke yao walizidi 40,000.

Stanley alitoka Buha salama, akateremka hadi Ujiji. Bunduki zilizopita kimya katika nchi ya Waha zilishindiliwa baruti mlimani, bendera ikatangulia, na msafara mzima ukapiga mizinga hewani kwa desturi ya watu wa Pwani wanapobisha hodi mjini. Watu wa Ujiji wakatoka majumbani kuwalaki.