Mkalimani wa Kitubio na Siri Yake

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 42, ya kuwa Yusufu alisema na ndugu zake kwa mkalimani. Nao wakaitaja dhambi yao ya zamani kwa lugha yao, wakidhani hawafahamu. Mwanadamu hufungua moyo wake akiwa na hakika ni nani amsikiaye.

Huku Miteja, na katika vilima vya Umatumbi vilivyo bara yetu, watu walijifunza mapema kuogopa neno lililosikiwa. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi. Mbele ya hakimu mgeni, kila neno lilipita kinywani mwa mkalimani, na neno moja liliweza kumfikisha mtu kitanzini.

Mapadre Wabenediktini, waliofika nchi hii mwaka 1888, walikuwa wageni pia. Je, mzee ajuaye Kimatumbi tu aungame namna gani kwa padre asiyekijua? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, na ile ya mwaka 1983 katika kanuni ya 990, haimkatazi kuungama kwa mkalimani. Lakini kanuni ya 983 yamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Akiivunja, huadhibiwa, hata kwa kutengwa na Kanisa.

Barazani mkalimani hapunguzi wala hazidishi, na wote wasikia. Katika kitubio vile vile hapunguzi wala hazidishi. Bali akiisha kuondoka, ni kama hakusikia. Na mzigo huu ni mzito sana kwake. Padre huweza kuhamishwa. Mkalimani hubaki kijijini. Huchota maji kisima kimoja na aliyeungama, huketi naye katika mashauri, pengine wataoana watoto wao. Hata ikiwa alilolisikia ni wizi wa mbuzi wake mwenyewe, hawezi kumdai, wala kumkunjia uso, wala kumsema kwa mafumbo. Maana wazee wetu walinena, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua.

Katika jubilei twahesabu makanisa, shule na wabatizwa. Kazi hii haihesabiki, kwa kuwa aliyeitenda vema hana habari ya kutusimulia. Basi sisi makatekista, tukiitwa kuketi kati ya padre na mwenye kutubu, tukubali kwa hofu ya Mungu, na tukitoka tutoke na vinywa vilivyofungwa.