Bendera ya Nyota Huko Karema

Chombo kigeni kiingiapo bandarini hutweka bendera ya mwenyeji katika mlingoti wa mbele, kwa kumstahi. Huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mgeni alianza kinyume. Mwaka 1879 Kapiteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma hapo, akatweka bendera yake mwenyewe: ya buluu, yenye nyota ya dhahabu katikati. Aiitaye bendera ya Kongo amekosea tarehe. Ilikuwa ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoasisiwa na Mfalme Leopold mwaka 1876. Dola ya Kongo iliirithi mwaka 1885, mwaka uo huo Karema ilipokabidhiwa Mapadre Weupe. Siku hizi meli itokayo Kongo ikitia nanga hapo yapasa itweke ya Tanzania. Nahodha na aangalie kijani kiwe juu, buluu chini.