Magadi kwenye Sabuni na Losheni

Magadi ni chumvi ya madini inayoganda pale maji ya ziwa yanapokaushwa na jua kali, kama Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Huku Igogwe, wilayani Rungwe, magadi hayawezi kuganda hivyo. Mvua za Tukuyu, ambazo kwa kawaida hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huosha chumvi za udongo wa volkano na kuzipeleka mitoni hadi Ziwa Nyasa. Huku magadi hununuliwa sokoni, mabonge ya kijivu au kahawia ya kulainishia maharage na kande. Yakisafishwa kiwandani, huingia pia kwenye chumvi za kuogea na baadhi ya sabuni.

Bonge hilo lina chumvi mbili zilizoshikana: kaboneti ya sodiamu na baikaboneti ya sodiamu. Asidi ikiingia, kaboneti huipokea na kugeuka baikaboneti. Alkali ikizidi, baikaboneti huizima na kugeuka kaboneti. Kwa kusaidiana hivyo, pH ya maji ya magadi haiyumbi ovyo, hukaa karibu na 10. Kamulia limau juu yake uone povu: ni kabonidioksidi, gesi ileile inayovunwa ardhini eneo la Kyejo, humuhumu Rungwe. Ukizidisha limau hadi povu lisitoke tena, uwezo wa magadi kuzuia asidi umekwisha. Faida nyingine ni kupunguza ugumu wa maji, sabuni ikatoa povu vizuri.

Je, ni salama? Mwaka 1987 jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi nchini Marekani lilizipitia chumvi hizi na kuziona salama kwa namna zilivyokuwa zikitumika. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Ngozi yenye afya ina pH ya karibu 5. Kutoka 5 hadi 10 ni ngazi tano, na kila ngazi ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ni mara 100,000. Sabuni ya kipande yenyewe huwa na pH ya 9 hadi 10 na husuuzwa papo hapo, hivyo magadi kidogo ndani yake hayaleti balaa. Lakini losheni hushinda mwilini kutwa. Ikiwa na pH ya juu kiasi hicho, mafuta yanayolinda ngozi huharibika, ngozi ikakauka, ikapasuka na kuwasha. Mtoto mchanga na mwenye pumu ya ngozi huumia zaidi.

Kwa hiyo anayetengeneza losheni kwa mafuta ya parachichi, zao linaloipa Rungwe sifa, asitie magadi ya kupikia, hata akiambiwa ni ya asili. Magadi hayo hayajasafishwa: yana udongo, na mara nyingi floraidi. Atumie asidi ya sitriki pamoja na chumvi yake, sitreti ya sodiamu, maana jozi hiyo hutuliza pH palepale ngozi inapotaka. Apime kila pishi kwa karatasi za pH kabla ya kufungasha, na kabla ya kuuza apate kibali cha TBS, shirika linalosimamia vipodozi nchini tangu 2019. Unga wa magadi ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha nenda hospitali.