Lishe na mazoezi ya wanawake Wamarekani Weusi

Lishe na mazoezi ya wanawake Wamarekani Weusi ni mada ya afya ya jamii nchini Marekani. Takriban wanawake 4 kati ya 5 wa kundi hilo wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na shinikizo la damu huwapata zaidi kuliko wanawake Wazungu. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Boston kilianza kuwafuatilia wanawake Weusi wapatao 59,000, kwa kuwa tafiti kubwa za awali zilikuwa na wachache mno.

Mara nyingi hulaumiwa mapishi ya jadi ya Kusini. Lawama hiyo ni ya haki nusu tu. Mapishi hayo yana mboga za majani, viazi vitamu, kunde na bamia, na hizo mbili za mwisho zina asili ya Afrika na zilifika Amerika wakati wa biashara ya watumwa. Madhara hutokana na mafuta ya nguruwe, chumvi na sukari nyingi. Aidha, katika mitaa mingi ya Weusi supamaketi ziko mbali, na maduka ya karibu huuza zaidi soda na vyakula vya kopo. Chanzo kimojawapo ni ubaguzi wa makazi: katika miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali la mikopo ya nyumba zilipaka mitaa hiyo rangi nyekundu, yaani isiyofaa kukopeshwa.

Kikwazo cha mazoezi kinachosahauliwa ni nywele. Jasho huharibu nywele zilizonyooshwa, na kuzitengeneza upya saluni hula saa kadhaa na fedha nyingi. Si jambo dogo kwa mtu anayetakiwa kufika kazini akiwa nadhifu. Mwaka 2011 Regina Benjamin, Mganga Mkuu wa Serikali na mwenyewe Mmarekani Mweusi, alilizungumzia katika maonyesho ya nywele mjini Atlanta.

Shirika la GirlTrek, lililoanzishwa na T. Morgan Dixon na Vanessa Garrison, huwahimiza wanawake Weusi kutembea dakika 30 kwa siku, mara nyingi kwa vikundi. Mfano wao ni Harriet Tubman, aliyetoroka utumwa huko Maryland mwaka 1849, kisha akarudi mara nyingi kuwaongoza wengine kwenye uhuru. Kutembea hakuhitaji ada, ingawa mitaa isiyo na taa wala njia za waenda kwa miguu bado ni tatizo.