Kurudi kwa Askari: Vijana wa Marekani na Nyumba za Wanajeshi, 1943–2010

Mnamo mwezi wa Oktoba 1943 serikali ya Marekani ilianza kuwaandikisha jeshini kwa lazima hata akina baba, ambao hapo kwanza waliahirishiwa kwa ajili ya watoto wao. Yamkini mtu adhani ya kuwa dhiki ya watoto hao ilianza siku ya kuagana, ikaisha siku baba aliporudi. Historia yaonyesha vingine.

Katika mwaka wa 1949 Reuben Hill, mtaalamu wa elimu ya jamii, alitoa kitabu juu ya jamaa 135 za jimbo la Iowa zilizotenganishwa na vita. Alionyesha kwamba kutengana ni mtihani mmoja, na kukutana tena ni mtihani mwingine. Nyumba iliyogawana kazi zote za baba pasipo kumwekea nafasi iliweza kustahimili alipokuwa mbali, lakini ilitaabika kumpokea.

Mwaka 1973 uandikishaji wa lazima ulikoma. Jeshi likawa la watu wa hiari, na wengi wakaufanya uaskari kuwa kazi ya kulelea watoto. Wanawake nao wakazidi kuingia. Hivyo vita vya Afghanistan (2001) na Iraq (2003) vilipozuka, baba au mama aliweza kwenda, akarudi, akaenda tena. Mwaka 2007 zamu ya askari wa nchi kavu iliongezwa kutoka miezi 12 hadi 15.

Uchunguzi wa Anita Chandra na wenzake, uliotolewa mwaka 2010, uliwahusu watoto wapatao 1,500 wa umri wa miaka 11 hadi 17. Wale wakubwa, na wasichana wa kila umri, ndio waliotaja shida nyingi zaidi. Kadiri mzazi alivyokaa mbali muda mrefu, na kadiri mlezi aliyebaki alivyosononeka, ndivyo shida zilivyozidi, hata baada ya askari kurudi.

Jambo hili si la kustaajabisha. Kijana aliyewalisha wadogo zake na kumliwaza mama huwa amekwisha kuwa nguzo ya nyumba. Askari arudipo, yule kijana huambiwa awe mtoto tena. Kwa hiyo atakaye kumponya kijana huyo hana budi kumtazama kwanza mlezi aliyebaki naye, wala asiache kumtazama siku ya furaha ya kurudi.