Sauti ya Kiongozi na Mkutano wa Kijiji

Kiongozi wa taifa anapoweza kusema na kila raia kwa dakika moja, kwa maneno machache yanayoingia katika simu ya mkononi, siasa ya nchi inageukaje? Wapo wanaojibu kwamba sasa demokrasia imekamilika, maana mkulima wa Msowero, wilayani Kilosa, anasoma neno la Rais wakati uleule linaposomwa na waziri aliyeko Dodoma. Wapo wanaojibu kwamba mitandao ya kijamii ni sumu ya mabeberu na hatuna budi kuikimbia. Majibu yote mawili yanaanzia kwenye chombo. Sisi tunaanzia kwenye historia, kwa sababu taifa letu limekwisha kupambana na suala hili kabla ya simu hizi kuwapo.

Karatasi za 1957

Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilimzuia Mwalimu Nyerere kuhutubia mikutano ya hadhara. Akashika kalamu. Katika karatasi za Sauti ya TANU alisema aliyokatazwa kuyasema jukwaani, na mwaka 1958 alishitakiwa kwa makala iliyowashutumu maofisa wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Karatasi hizo zilikuwa chache. Mkoloni aliziogopa kwa kuwa nyuma yake palikuwa na matawi: watu waliolipa ada, waliokutana, na waliokuwa tayari kutenda. Neno la kiongozi lilikuwa na miguu.

Redio moja, matokeo mawili

Redio iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam iliwekwa chini ya serikali mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Kwa redio hiyo Azimio la Arusha lilifika vijijini Februari 1967. Lakini somo kubwa kwa makada liko katika mwaka 1973.

Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kila juma vikundi vilikusanyika mbele ya redio. Palikuwa na kipindi, palikuwa na kitabu, na palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo. Baada ya kusikiliza, wanakikundi walisoma, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini uamuzi ulifanyika chini ya mwembe.

Novemba ya mwaka uleule kiongozi yuleyule alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu mwenyewe alikuwa amesisitiza hiari. Mwaka 1971 kifungu cha 28 cha Mwongozo wa TANU kilikuwa kimekataza desturi ya viongozi na wataalamu wachache kuamua halafu umma kuhimizwa utekeleze. Lakini tangazo lilipotoka, watendaji wengi hawakuufungua Mwongozo. Walitazama tarehe. Mamilioni walihamishwa katika operesheni. Mahali pengine nyumba zilibomolewa, na watu wakapelekwa mbali na mashamba yao. Shule, zahanati na maji vilisogea karibu na wengi, na hilo hatulikani. Lakini ukame wa 1974 ulizikuta kaya ambazo zilikuwa hazijatulia, na taifa likalazimika kununua nafaka nyingi nchi za nje.

Kiongozi alikuwa mmoja, redio ilikuwa moja, na umma ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa kikao. Katika Mtu ni Afya neno la kiongozi lilifungua mjadala. Katika amri ya Novemba lilifunga mjadala.

Simu na mkeka

Rais Mkapa, na baada yake Rais Kikwete, waliongea na taifa kila mwisho wa mwezi kwa redio na televisheni. Katika miaka iliyofuata simu ilichukua nafasi kubwa. Enzi za Rais Magufuli, 2015 hadi 2021, na tangu Rais Samia Suluhu Hassan ashike uongozi Machi 2021, taarifa ya Ikulu ya uteuzi au utenguzi huzagaa katika simu kwa muda mfupi. Wananchi huiita "mkeka".

Faida zake ni dhahiri. Uongo hukanushwa upesi. Mkulima hupata waraka ambao zamani ungefungiwa katika kabati la ofisi. Lakini tuyatazame madhara yake kwa uongozi. Kwanza, mtendaji anayengojea mkeka hutazama juu. Hofu yake yote ni neno litakalotoka Ikulu, na mkutano wa kijiji unamsumbua kidogo tu. Pili, umma wenye haki ya kuamua hugeuzwa kuwa watazamaji. Anayebonyeza alama ya kupenda huhesabiwa kuwa ameunga mkono, na anayetukana huhesabiwa kuwa amepinga. Wala hakuna kati yao aliyejadili. Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya, ambaye kurasa zake zilifungwa Machi 2019, alieleza baadaye kwamba matusi ya huko yalimnyima usingizi. Matusi yakiwa ndiyo jibu pekee linalomfikia kiongozi, hawezi kuongoza kwa jibu hilo.

Nani anamiliki kinywa?

Kuna suala la umilikaji, ambalo mjamaa hawezi kuliruka. Radio Tanzania ilikuwa mali ya umma. Mitandao ya leo ni mali ya makampuni ya kibepari yanayouza matangazo, nayo ndiyo huamua nani asikike. Januari 2021 kampuni ya Twitter ilimfungia Rais Trump wa Marekani akiwa bado madarakani. Juni 2021 ilifuta maneno ya Rais Buhari wa Nigeria. Serikali yake ikaufunga mtandao huo hadi Januari 2022. Januari 2021 Facebook ilifuta kurasa zilizohusishwa na serikali ya Uganda, na Rais Museveni akaifungia kampuni hiyo siku chache kabla ya uchaguzi. Pande zote mbili zilikuwa na kitufe, na mwananchi hakuwa nacho.

Hata kwetu, intaneti ilizimwa nchini siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na kwa siku kadhaa zilizofuata, siku za vurugu na vifo. Taifa lililozoea kusikia habari zake kwa simu lilibaki na uvumi. Pasipokuwa na kikao kilicho hai, kuzima simu ni kuzima mazungumzo yote.

Darasa la Msowero

Msowero iko kando ya barabara ya Dumila hadi Kilosa, katika nchi ya mashamba makubwa ya zamani, wakulima wadogo na wafugaji. Suala la huko ni ardhi. Katika ukanda huohuo, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa Desemba 2000 katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hebu kiongozi aandike katika simu maneno manne tu: "Wananchi wapewe ardhi yao." Mkulima atasoma kwamba yeye ndiye mwananchi. Mfugaji atasoma hivyohivyo. Kesho yake mmoja ataamka na jembe, mwingine na ng'ombe, wakutane katika mpaka uleule, kila mmoja akiamini kwamba Rais yuko upande wake.

Ardhi inahitaji ramani, mipaka, orodha ya majina na muhtasari uliosainiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi katika kugawa ardhi, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 ndiyo iliyouweka mkutano huo. Simu haina muhtasari. Haimwulizi mjane ambaye shamba lake liko katikati.

Kazi ya kada

Kwa hiyo hatusemi kiongozi anyamaze, wala kwamba simu ifungwe. Tunasema njia ifuatwe. Kwanza, kila neno la kiongozi linalogusa ardhi, mazao, au kodi lipelekwe katika mkutano wa kijiji, lisomwe pamoja na waraka wake kamili, si kipande kilichokatwa. Pili, jibu la mkutano liandikwe na kupandishwa ngazi kwa ngazi, na kiongozi alitangaze jibu hilo kwa njia ileile aliyotumia kutangaza neno lake. Tatu, mtendaji yeyote asitumie maandishi ya simu kama amri ya kumhamisha mtu au kumnyang'anya shamba. Adai hati, na mwananchi naye amdai yeye hati.

Tawi lisilokutana kwa sababu wanachama wake "wamekwisha kuona kwenye simu" limekwisha kufa, hata kama bendera yake ingali inapepea. Kulifufua ni kazi ya kada kabla neno jingine halijatoka juu.